Tulipoikwangua Ndege

Tajiri mpya aliitaka nyeupe,
nyeupe pe, kuanzia pua hadi mkia,
na akatulipa kwa siku, si kwa futi,
kosa lake.
Mimi, Thoya, na Ngowa mwenye jicho moja,
nyuma ya banda la uwanja wa Malindi,
na ndege imesimama, rafadha zake mbili kimya,
kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo
na hakuambiwa anasubiri nini.

Rangi ya juu ilikuwa ya chungwa.
Hiyo sote tuliijua: Shirika la Pwani,
lililobeba abiria asubuhi na mirungi mchana,
likafilisika siku ya Ijumaa,
na rubani akaondoka na kiti chake
kufidia mshahara.
Ilitoka kirahisi, kama ganda la kangaja.

Chini yake, kijani.
Thoya akaweka msasa chini.
"Hii ndiyo iliyomchukua mamangu Mombasa
kupasuliwa tumbo."
Walimpima kwanza, mizani ya magunia,
yeye na kikapu chake na khofu yake;
ratili ikizidi, unashuka wewe au unashuka mzigo.
Mama akashusha kuku.
Aliporudi, baada ya arubaini,
kuku ametaga, ameangua,
na anamtazama kama mgeni.

Chini ya kijani, buluu na nyota ndogo ndogo:
shirika la visiwa ambavyo hatukuwahi kuvisikia.
Kwenye bawaba za mlango tulikuta chumvi
na mchanga mweusi.
Ngowa akauonja kwa ncha ya ulimi.
"Si wetu," akakata shauri, kama kadhi.
Nani alipanda huko?
Nani alikiona kijiji chao kwa juu
mara ya kwanza,
akanyamaza safari nzima?

Chini ya buluu, mstari mmoja mwekundu
na maneno ya watu wanaotia vitone juu ya herufi.
Hapo bati lilikuwa na vishimo,
uso wa aliyeugua ndui akapona.
Mvua ya mawe, alisema fundi. Barafu.
Saa nane, jua linatuchoma kisogoni,
na vidole vyetu vimo ndani ya baridi ya wenyewe.

Kibandiko cha kiwandani kilikuwa kando ya mlango,
mwaka wa hamsini na nane.
Mwaka wangu.
Sikuwaambia wenzangu.
Nilihesabu tu: shati la hoteli, lenye vifungo vya shaba;
ovaroli ya kiwanda cha kuchambua pamba;
fulana ya yule Mtaliano wa mashua za vioo,
jina lake mgongoni, jasho langu kifuani.
Kila tajiri na nguo yake.

Rangi ya Mombasa ilichelewa siku mbili.
Siku mbili ndege ilikuwa bati tupu,
haina jina, haina mwenyewe,
ikimeta hata Ngowa akafumba
hilo jicho moja alilonalo.
Tukaingia, tukakaa viti vya dirishani,
hakuna aliyetupima.
Thoya akatoka akaisukuma rafadha kwa kiganja;
ikazunguka polepole, na humo ndani ya injini
kitu kikalia tik, tik, tik,
cherehani ya mtu anayeshona usiku
asiamshe watoto.

Kisha tukaipaka.
Iliruka Jumanne kwenda Lamu, kisha sijui wapi,
na ule mluzi wake mwembamba
unaotangulia ngurumo.
Rangi mpya, sauti ile ile.

Ninacho kipande, kilibanduka kizima
karibu na msumari chini ya bawa,
kinene kama ukucha wa gumba.
Ukikitazama kwa ubavu:
chungwa, kijani, buluu, nyekundu.
Nyeupe haimo.
Kiko kwenye kopo la misumari.
Mke wangu amekitupa mara mbili.